Mwili si Koti

Fundi cherehani hakuwa na mate mdomoni. Hakuwa na usingizi, maana kiu na mkojo vilimwamsha kila mara. Hakuwa na nguvu za kukanyaga pedali, wala macho ya kutunga uzi. Na kwa siku mbili hakuwa amechoma insulini, ila hilo alilificha.

Mdogo wa mkewe, muuguzi wa kliniki ya kisukari, alikuja kuchukua sketi yake. Akamkuta shemeji yake ameegemea cherehani, anahema.

"Shemeji, sindano umechoma?"

Fundi akainamia cherehani. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akamtolea macho. "Jibu basi!"

"Naupumzisha mwili," akasema kwa sauti ya kuchoka. "Hospitali kuu wameniandikia barua, wananialika kwenye majaribio. Wanajaribu kupandikiza chembe hai za nguruwe, zinazotengeneza insulini. Sasa, utawekaje bitana mpya bila kufumua ya zamani?"

"Nani kakwambia ufumue?" Muuguzi alikuwa ameshamchoma kidole, anapima sukari. "Mwili si koti! Kitambaa hakikatai kiraka. Mwili una askari wake. Wakiona kitu kigeni, wanakishambulia. Wewe walikuulia hata chembe zako mwenyewe, ndiyo maana unachoma sindano. Za mnyama watazivamia mara moja."

"Basi hazifai?"

"Njia bado inatafutwa. Kuna dawa za kuwatuliza askari, lakini hapo maradhi mengine hupata mwanya. Wengine wanazifungia chembe kwenye vifuko vyenye vitundu vidogo mno. Sukari na insulini zinapita, askari hawapiti. Ni majaribio tu. Insulini huachi mpaka daktari akuambie."

Kipimo kilikuwa juu kupita kiasi. Wakamkimbiza hospitali. Alilazwa siku tatu, dripu mkononi.

"Nikipandikizwa, nitakoroma kama nguruwe?" akamuuliza mkewe waliporudi nyumbani.

"Unakoroma tangu wiki ya harusi. Choma sindano."

Akachoma, mkewe akimtazama.

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Uchovu haukumwisha, lakini sukari ilishuka, na suruali mbili kwa siku zilishoneka. Jumamosi akaijibu barua, kwa mkono wake, neno baada ya neno:

"Sijakubali wala sijakataa. Askari wa mwili wangu mtawazuiaje? Dawa zenu zina madhara gani? Nikitaka kujitoa, mtaniruhusu? Insulini naendelea nayo."

Mkewe akasoma. "Hilo la mwisho lipigie mstari."

Akalipigia. Akaitia barua kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.