Mtungi Ulioitwa Tusajigwe

Mtungi ulichelewa kuitika. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba Angetile aliicheka.

Ilikuwa siku ya soko Lyulilo, kando ya ziwa, vyungu na mitungi ya Wakisi, wafinyanzi wa pwani hiyo, imeshushwa kutoka kwenye mitumbwi na kupangwa mchangani. Wanunuzi walifanya kama wanavyofanya siku zote: unauinua mtungi, unaugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Mzima hulia kama kengele. Wenye ufa hutoa sauti butu. Angetile, mkulima wa kokoa kutoka Busale, alikuwa na utani ambao haukujua pa kukaa. Badala ya kugonga, aliingiza uso kwenye mdomo wa mtungi akaita jina la mkewe.

"Tusajigwe!"

Kimya. Aliinua kichwa, akajipangusa vumbi la udongo puani. Ndipo mtungi uliposema, polepole, "...sajigwe."

Wanawake waliokuwa wakicheka wakaacha. Bi Neli, mfinyanzi mwenyewe, akauvuta mtungi kwake kwa mikono miwili.

"Mtungi unagongwa, baba. Hauitiwi mtu. Chagua mwingine."

"Mama, si mwangwi tu huo? Au umeona nimeupenda, unataka kupandisha bei?"

"Chagua mwingine, nakuomba."

"Nataka huuhuu. Mke wangu yuko mbali. Angalau nyumbani pawe na kinachoniitika."

Bi Neli aliuachia kwa shingo upande. "Basi chukua. Ila usiuite tena."

Tusajigwe alikuwa akisomea ualimu Mzuzu, ng'ambo ya mpaka, Malawi. Mwaka wa kwanza, vipindi vya Ijumaa vilipokwisha, mara nyingi alipanda gari hadi Karonga, akavuka Kasumulu, akaingia uani na mfuko wa vitabu begani, na siku mbili hizo nyumba ilijaa. Mwaka wa pili safari zilibadilika uelekeo. Wikiendi alikwenda na wanafunzi wenzake kutembea: milima ya Livingstonia, pundamilia wa Nyika, fukwe za Nkhata Bay. Alimtumia mumewe ujumbe wa sauti. "Tumeogelea leo! Ziwa ni lilelile letu, lakini huku ni kama wamelifua. Ndaga fijo, asante sana, mume wangu, kwa kuniruhusu."

Angetile hakuwa amemruhusu. Alikuwa amenyamaza tu.

Picha iliyofuata ujumbe huo ilimwonyesha Tusajigwe peke yake juu ya mwamba, akicheka. Aliyepiga hakuonekana, na huyo ndiye ambaye Angetile alimtazama mchana kutwa.

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile mvua ya Kyela isiyo na haraka ya kwenda popote. Kwenye sanduku la kuchachulia, kokoa ilitoa harufu yake kali ya siki. Angetile aliingia jikoni, akachota maji mtungini, akasema kwa uchungu bila kukusudia, "Tusajigwe, uko na nani?"

"Yusto," mtungi ulijibu. "Kijana wa Tukuyu, anasoma naye darasa moja. Ndiye aliyepiga picha."

Ilikuwa sauti ya mkewe, pamoja na kile kikwazo kidogo cha pumzi alichokuwa nacho kabla ya kucheka. Harufu ya kokoa ilikatika, na mahali pake ikaja harufu ya udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi.

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Angetile alivuta kigoda akakaa.

Toka siku hiyo hakulala njaa ya habari. Aliita jina, mtungi ukamweleza: nani alikaa kando ya nani darasani, nani alimshika mkono kupanda mlima, kitenge gani kilivaliwa ufukweni. Alipomuuliza mkewe kwa simu, kila kitu kilikuwa kweli.

"Umejuaje nilivaa cha kijani?" Tusajigwe aliuliza, kisha akakohoa. "Samahani. Sauti inakauka. Baridi ya Mzuzu hii."

"Yusto hakupi koti?"

"Gwe! Una nini wewe siku hizi?"

Jikoni, kitu kilicheka kwa ile pumzi yake.

Kila alipouita mtungi, sauti ndani yake ilinenepa. Kila alipopiga simu, sauti ya Tusajigwe ilikuwa nyembamba zaidi. Angetile aliyasikia yote mawili na hakuyaunganisha, kwa sababu wivu ulikuwa umemziba sikio moja. Hata alipokuta sakafu ina nyayo za maji kutoka mtungini hadi kitandani, upande wa mkewe, alizipangusa tu kwa tambara.

Siku moja adhuhuri mtungi ulianza wenyewe, bila kuitwa.

"Kwa nini unampigia simu, na mimi nipo?"

Angetile alishusha sauti kama mtu aliye kanisani. "Wewe ni nani?"

"Umeniita mwenyewe. Jumamosi watapanda boti kwenda visiwani. Nimzuie?"

Akilini alimwona Yusto akimpa mkewe mkono aingie botini. Akaona vidole vikichelewa kuachana.

"Mzuie," alisema.

Jumamosi simu ilileta ujumbe wa sauti. Aliufungua: pumzi, kisha maji yakichuruzika, kisha hakuna. Maandishi yakafuata. *Sauti imekwisha kabisa. Jana nilisimama kufundisha darasa la mazoezi, nikafungua mdomo, hakuna kitu. Usiku nahisi udongo kooni. Naogopa. Nakuja nyumbani, Yusto ananisindikiza mpaka mpakani kwa sababu siwezi kusema.*

"Mwambie asije," ilisema ile sauti jikoni, nzima, tamu, ya siku ya harusi yao. "Nyumba hii ina mwanamke. Akivuka mlango, nachukua na pumzi iliyobaki."

Angetile aliubeba mtungi kifuani juu ya bodaboda hadi Lyulilo, umefungwa shuka, na njia nzima ulimnong'oneza ubavuni kama mke aliyeshikilia kiuno cha mumewe.

Bi Neli hakushangaa. "Sijui kwenu mnaliitaje, jini, pepo. Sisi hatukulipa jina, ndiyo maana linatafuta la mtu. Usiuvunje, litatoka na sauti ya mkeo. Ingia nao majini. Mwite mara ya mwisho, umwachie aende atakako. Lakini uwe umemwachia kweli, mwanangu. Linakula kinyongo. Ukibakiza hata punje, umelibakizia chakula."

Angetile aliingia ziwani mchana kweupe, wanawake wakimtazama kutoka mchangani, na maji yalipomfika kiunoni, mtungi ukizidi kuwa mzito kama mtu asiyetaka kushushwa, ukimtajia Yusto, na mkono wa Yusto, na siti mbili za basi lililokuwa likipita Karonga wakati huohuo, na kichwa cha nani kilikuwa kimelala begani kwa nani, yeye alitia uso kwenye mdomo wake wenye harufu ya kaburi, akalia kama hakuwahi kulia mbele ya watu, akasema, "Tusajigwe, nenda utakako. Sikuulizi tena."

Mtungi ulinyamaza. Ukanywa maji, ukazama.

Alisimama palepale hadi simu ilipolia kwenye mfuko wa shati.

"Angetile! Unanisikia? Najisikia mwenyewe! Imerudi, mume wangu, imerudi ghafla, basi zima wananishangaa!"

Alicheka huku machozi yakimtoka. Pwani Bi Neli aliinua mikono juu. Tusajigwe naye alicheka, na nyuma yake, karibu sana na simu, mwanamume akacheka pia.

"Nani huyo anacheka?" Angetile aliuliza.

Maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka. Simu ilinyamaza katikati ya pumzi, ile pumzi yake kabla ya kucheka. Pale majini, mapovu yalipanda yakapasukia kiunoni mwake, na harufu ya udongo mbichi ikapanda nayo.

"Ni Yusto," mkewe alisema kutoka chini. "Kaa, nikueleze."