Kuni Zilizoisha kwa Siku Sita

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Begimai aliwasha samovari ya bibi yake, birika kubwa la shaba lenye moto ndani. Aliijaza maji ya kisimani, akatia vipande vya kuni kwenye bomba la katikati, kisha akasubiri maji yaanze kuimba. Halafu yeye na Bibi Sayra walikunywa chai ya maziwa kwa boorsok, maandazi madogo, za jana, huku nje theluji imefunika bonde lote la At-Bashy.

Majira hayo ya baridi umeme ulikatwa kila asubuhi, na watoto wa darasa la kwanza walifika shuleni wakitetemeka. Shule ikaamua kuwachemshia chai kwa kuni. Mwalimu Asanbek, wa fizikia, akawapa darasa la nane kazi.

"Nishati imehifadhiwa ndani ya kuni," alisema. "Ukiziwasha, inahama. Nyingine inaingia kwenye maji, nyingine inakwenda kwingine. Kapimeni vyombo vya kwenu. Katika kila sehemu mia, ngapi zinafika kwenye maji? Huo ndio ufanisi."

"Hilo bomba la moshi lenye masikio la kwenu halifiki hata hamsini," Ulan, jirani yake wa dawati, alimtania Begimai.

Nyumbani Begimai alipima kuni kwenye mizani, akapima joto la maji kabla na baada, akapiga hesabu mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile: 24. Alijisikia vibaya. Samovari ile ilikuwa fahari ya nyumba, marehemu babu aliinunua kabla mama yake hajazaliwa. Akaishika kalamu, akaigeuza mbili kuwa nane.

Mwalimu Asanbek alikuwa ameitwa mjini kwa semina, hivyo madaftari yalikusanywa na mwalimu mkuu, Bi Rakhat. Alifurahi kuona 84. Aliiazima samovari ya Bibi Sayra, akanunua kuni za mwezi mzima kwa kufuata hesabu hiyo.

Siku sita chai ilichemka. Asubuhi ya saba, Begimai alipopita jikoni mwa shule, samovari ilikuwa baridi. Watoto wadogo walikaa na vikombe vitupu mikononi. Mpishi, Mama Batma, alisimama mbele ya mwalimu mkuu, aproni ameishika mkononi.

"Kuni za mwezi, Batma. Zimekwenda wapi?"

"Motoni, mwalimu. Kwingine wapi?"

"Hesabu inasema zingefika mwisho wa mwezi."

"Hesabu mimi siijui. Ila kwangu hakijaingia hata kijiti. Twende ukaangalie."

Begimai alihisi masikio yakimwaka. Angeweza kupita tu, maana hakuna aliyejua. Lakini miguu ilikataa.

"Mama Batma hajachukua kitu," alisema. "Ni mimi, mwalimu. Nilipata ishirini na nne, nikaandika themanini na nne."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Bi Rakhat akamgeukia mpishi na kumwomba radhi. Begimai naye akamwomba. Mama Batma alijifunga aproni polepole.

"Basi, yaishe. Nileteeni kuni, watoto hawa watageuka barafu."

Mwalimu Asanbek aliporudi alisikia yote. Hakumchapa mtu. Aliileta samovari darasani, akaiwasha, akamwalika na Bibi Sayra.

"Sehemu ishirini na nne zimefika kwenye maji," alisema. "Sabini na sita je? Hazikutoweka. Tuzitafute."

"Zimetoka na moshi," alisema Ulan.

"Nyingine zinapitia ubavuni," alisema Begimai. "Ukiigusa inaunguza."

Bibi Sayra alionyesha ukuni uliokuwa ukitoa mapovu kwenye bomba. "Na kuni hizi ni mbichi. Zinachemsha maji yao kwanza, ndipo zichemshe yenu."

"Kumbe bibi ni mwalimu wa fizikia," Ulan alinong'ona.

"Na wewe ndiye uliyeiita samovari yangu bomba la moshi?" Bibi alimuuliza, na darasa zima likacheka.

Walikausha kuni nyuma ya jiko la kupashia darasa joto kwa wiki moja, wakazipasua ndogondogo. Walibana kifuniko vizuri, wakaifunga samovari ubavuni kwa blanketi nene la sufu. Kisha wakapima tena. Begimai ndiye aliyeandika ubaoni: 35. Safari hii hakugeuza tarakimu yoyote.

"Zimeongezeka sehemu kumi na moja," alisema Mama Batma kutoka mlangoni. "Mgongo wangu utashukuru kubeba kuni chache."

Mwalimu Asanbek alimtazama Begimai kwa upole.

"Themanini na nne yako ilikuwa nzuri machoni," alimwambia, "lakini haikutufundisha kitu, na ilimtia mtu asiye na kosa mashakani. Ishirini na nne ndiyo iliyotuonyesha pa kutafuta. Andika ulichokiona, mwanangu, hata kama kinakuaibisha. Hatuwezi kurekebisha tusichokijua."