Pumzi Kwenye Kabureta ya Nyuma

Obuya alikuwa na kituko kimoja: aliongea na injini. Mafundi wenzake pale Dagoretti Corner, Nairobi, walimcheka mpaka wakachoka. Alikuwa akiinama chini ya boneti, ncha moja ya bomba la mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, pale injini inapovutia hewa, kisha anauliza, "Unaumwa wapi, mzee?" Halafu anasikiliza. Hakuwahi kukosea. Wala hakuwahi kujibiwa.

Mpaka Ijumaa moja jioni, mwaka wa 2004, huko mtaa wa Loresho.

Aliyemwita ni mjane, Mama Nyakio. Gerejini mwake kulikuwa na gari aina ya Jaguar, nyeupe, ya mwaka wa sitini na tatu, mali ya marehemu mumewe, Gichuru. Miezi sita nyuma mzee alikutwa humo ndani, ameshika usukani, milango ya gereji imefungwa, injini inanguruma. Familia ilisema ni moyo. Majirani walisema mengine.

"Nyakio anaolewa kesho," mama alieleza. "Babake alimwahidi atampeleka kanisani na hii gari, na hataki ingine. Sasa inazima kila saa. Nisaidie, fundi. Mtoto wangu amelia vya kutosha."

"Usijali, mama. Kabureta ni mbili na hazivuti hewa sawa. Nikizilinganisha, itatulia."

Nyakio mwenyewe alichungulia mlangoni, rola za nywele zimejaa kichwani. "Fundi, itaweza?"

"Itaweza, bibi harusi."

Wakamwacha na kazi yake. Jua lilikuwa linazama. Akawasha injini, akaweka mpira kwenye kabureta ya mbele. Sssss... Hewa safi. Akahamia ya nyuma.

Hakukuwa na sssss.

Kulikuwa na pumzi. Ndani... nje... ndani... nje...

Jamani, kabureta huvuta hewa tu. Haipumui! Harufu ya tumbaku ya kiko ikapanda kupitia mpira, na nywele za Obuya zikasimama. Alitaka kuutupa ule mpira akimbie. Lakini ulimi una mazoea yake, na ukamponyoka.

"Unaumwa wapi, mzee?"

"Siumwi."

Yesu wangu!

"Nilimwahidi," sauti ikanong'ona. "Nitampeleka mwenyewe."

"U-utampeleka wapi?"

"Niliko."

Obuya alizima injini. Angemwambia nini yule mama? Kwamba mumewe anaongea ndani ya mpira? Angefukuzwa kama mlevi, na kesho msichana angepanda. Basi akafungua kabureta zote mbili, akachomoa sindano zinazopima petroli, akazitia mfukoni. Bila hizo, gari ni kabati tu.

"Nisamehe, mama," akasema mlangoni. "Kuna kitu imevunjika na leo haiwezi patikana. Tafuteni gari ingine."

Ndani ya nyumba Nyakio aliangua kilio, na kilio kile kilimchoma Obuya rohoni. Afadhali alie, alijiambia. Afadhali alie akiwa hai.

Alikuwa ametembea kidogo tu kuelekea barabara kuu ya Waiyaki Way aliposikia injini nyuma yake. Ilikuwa imetulia. Kabureta mbili zilivuta pamoja, sawasawa kabisa, kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifikia.

Akapapasa mfuko. Sindano zilikuwemo, zote mbili.

Jaguar ikampita polepole, taa zimewashwa. Nyuma alikaa Nyakio na rola zake, anafuta machozi, anacheka, anapiga gumzo na aliyeshika usukani.

"Nyakio! Shuka! Shuka, bibi harusi!" Obuya alipiga kelele, akakimbia mpaka kifua kikamwaka moto. Vioo vilikuwa juu. Msichana hakugeuka. Gari likakata kona, na mlio wake ukapotea.

Alisikia miguu mitupu ikija mbio. Ni Mama Nyakio, leso mkononi, uso umejaa tabasamu.

"Nyakio ameniambia fundi amerudi, amewasha gari, anampeleka kuijar..."

Hapo akamwona Obuya barabarani. Leso ikamwanguka.

"Fundi... kama wewe uko hapa, nani amembeba mtoto wangu?"