Salamu za Upande wa Kushoto

Kila siku baada ya shule, msichana Laurence alikuwa na kazi ambayo wenzake wa darasa la sita hawakuwa nayo. Akishavua sare na kula kiporo alichowekewa na Shangazi Épiphanie, alikwenda kumchukua babu yake Kabini.

Kabini yenyewe, msije mkadhani ni kitu cha maana. Ilikuwa kiti kirefu cha mbele cha lori bovu, kilichong'olewa zamani na kuwekwa nje ya kibanda cha kuziba pancha, pale Ilembo, Mpanda. Sponji ilikuwa imechomoza kila upande. Lakini wazee watatu walikipenda kiti hicho kuliko makochi ya nyumbani kwao. Kulia, mahali pa dereva, alikaa babu yake Laurence, Mzee Onesphore, ambaye aliendesha malori ya mizigo mpaka kichwa kikawa cheupe. Katikati alikaa Mzee Dionizi, dereva wa mabasi enzi zake, ambaye kiharusi kilikuwa kimeulemaza mguu wake wa kulia. Kushoto alikaa mwenye kibanda, Mzee Lyamba. Huyo alikuwa utingo maisha yake yote, hakuwahi kupata leseni, na wenzake hawakuchoka kumkumbusha.

Redio yao ilikaa juu ya sanduku la spana. Taarifa ya habari ikianza, wote watatu walinyamaza. Ikiisha, ndipo kelele zilipoanza.

"Mmesikia? Basi jingine limepinduka," alisema Dionizi jioni moja. "Kijana ana usukani mkono mmoja na simu mkono mwingine. Hiyo ni kazi gani?"

"Sisi tuliendesha kwa macho, bwana," alijibu Onesphore.

"Macho gani! Kule mbugani ulikuwa unayafumba kwa ajili ya mbung'o," Lyamba alidakia. "Vioo tumefunga, joto kama tanuri, na bado wanatuuma. Mimi nawaua kwa kandambili."

"Ukanipiga mimi kandambili ya shavu, niko kwenye usukani! Tukaingia mtaroni na mahindi yote ya watu."

Wakacheka mpaka Dionizi akakohoa. Laurence hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, upande wa kushoto wa babu yake, anatazama barabara. Akamwona Mzee Telesfori, katekista, anakuja na baiskeli yake.

"Shikamoo, Mzee Telesfori!" Laurence alisema kwa sauti kubwa.

Papo hapo Mzee Onesphore akageuza uso kushoto na kuinua mkono. "Karibu, Telesfori! Habari za kigangoni?"

"Nzuri. Na mjukuu wako huyu ana adabu kweli. Hampiti mtu bila salamu."

Laurence aliinamisha kichwa. Watu walidhani anaona haya kwa kusifiwa, kumbe moyo wake ulikuwa unamuuma.

Maana salamu zile hazikuwa salamu tu. Tangu masika, Mzee Onesphore alikuwa haoni upande wa kushoto. Alianza kwa kujigonga kwenye fremu ya mlango. Kisha akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Siku moja Shangazi Épiphanie alimpa sahani ya ugali kwa upande huo, naye hakuiona, ikaanguka. Shangazi alidhani ni uzee. Laurence peke yake ndiye aliyejua, kwa sababu babu mwenyewe alimwambia.

"Hii ni yetu wawili," alimwambia siku hiyo. "Dereva akishasemwa macho, amekwisha. Watanionea huruma, na mimi huruma siitaki. Wewe ukiona mtu anakuja kushoto, msalimie kwa nguvu, umtaje jina. Mimi nitaelewa. Sawa?"

"Sawa, Sogokuru," Laurence alijibu. Ndivyo walivyomwita babu katika familia yao, kwa lugha waliyokuja nayo wazee kutoka Burundi. Mwanzoni alivimba kichwa kwa kuaminiwa siri ya mtu mzima. Lakini siri ile ilizidi kuwa nzito kila wiki.

Siku iliyofuata ile ya katekista, simu ya Dionizi iliita katikati ya soga. Alisikiliza, akasema "Ee" mara chache, kisha akaishusha polepole.

"Maximilian ametutoka," alisema. "Amefia kwake Usevya, alfajiri. Kesho wanazika."

Lyamba alizima redio. Maximilian aliendesha lori pamoja nao miaka mingi, na hata alipohamia Usevya kulima mpunga hakuacha kuwapigia simu. Mzee Onesphore alitoa leso akafuta uso.

Basi, madereva wale walikuwa na desturi yao. Mwenzao akifa, hawakwenda kumzika kwa kupakiwa kama abiria. Walikwenda kwa gari wanaloendesha wenyewe, na kaburi likishafunikwa, aliyeshika usukani alipiga honi ndefu ya kumuaga. Dionizi alikuwa na pikapu kuukuu iliyolala nyuma ya kibanda.

"Gari lipo," alisema Dionizi, "ila mguu wangu haukanyagi breki. Lyamba ndiyo hivyo tena. Onesphore, kazi ni yako."

"Njia ya Usevya iko kichwani mwangu," alijibu Onesphore bila kusita. "Nitampigia honi Maximilian."

Njiani kurudi nyumbani, Laurence alimshika babu mkono na kusema kwa sauti ndogo, "Sogokuru, usiendeshe. Tafadhali."

"Maximilian alinifundisha gia mimi. Nikamzike kwa kupanda basi, kama mgeni? Wewe utakaa mbele na mimi. Ukiona mtu kushoto, salimia. Ni hivyo hivyo tu kama Kabini."

"Lakini Kabini haitembei."

Mzee akasema kwa ukali ambao Laurence hakuuzoea, "Mtoto mwenye heshima hamwaibishi babu yake." Yakaishia hapo.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito. Wazee walikipakia kiti cha Kabini nyuma ya pikapu ili Dionizi anyooshe mguu, na Lyamba akakaa naye. Onesphore aliwaambia kwamba mjukuu wake hutapika akikaa nyuma, hivyo atakaa mbele. Huo nao ulikuwa uongo. Shangazi Épiphanie aliwapa maji na maandazi, akawaombea safari njema. Laurence alimtazama shangazi yake, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Pikapu ikawaka, ikaondoka taratibu. "Shikamoo, Mama Felista!" Laurence aliita walipompita muuza nyanya. Babu akasogeza usukani kulia kidogo. "Shikamoo, Mzee Agustino!" Babu akasogeza tena. Alitabasamu, akasema, "Umeona? Tutafika." Laurence akaanza kupumua.

Kisha akamwona Wilbert. Wilbert alikuwa anasoma naye darasa moja. Alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa barabara, upande wa kushoto, ameinamia baiskeli iliyofungwa madumu ya maji, anarudisha mnyororo. Laurence alifungua mdomo. Shikamoo? Lakini Wilbert ni rika lake! Nani anamwamkia mwenzake shikamoo? Hawakuwa wamepanga neno la mtoto. Ulimi ukamganda, akatafuta la kusema, na pikapu haikusubiri.

"Sogokuru!" alipiga kelele.

Alikuwa amechelewa. Kukasikika kishindo, na madumu yakabingirika yakimwaga maji. Wilbert alikuwa chini, ameshika mkono wake wa kushoto, analia kwa uchungu.

Watu walijaa mara moja. Mzee Onesphore alishuka, uso umempauka. "Mtoto huyu kaingia barabarani ghafla," alisema.

"Sijaingia, Babu! Nilikuwa nimesimama," Wilbert alilia.

"Nyamaza!" alifoka mtu mmoja kwenye kundi. "Mzee huyu ameendesha magari kabla baba yako hajazaliwa. Nyie watoto wa siku hizi mnachezea barabarani, halafu mnabisha!"

"Kweli, Onesphore hawezi kumgonga mtu aliyesimama," alisema Lyamba akishuka nyuma. "Namjua miaka yote." Mtu mwingine akamwambia Wilbert aombe radhi. Aombe radhi, jamani, na mkono umevunjika!

Laurence alikuwa bado ndani ya gari. Alimwona Wilbert anazungusha macho akitafuta mtu wa kumwamini, na hakuna. Alimwona babu yake, mtu anayempenda kuliko wote, amekazia macho ardhi. Akijua kwamba baada ya hapo huenda babu asimpende tena, alishuka.

"Wilbert anasema kweli," alisema huku machozi yanamtoka. "Alikuwa amesimama pembeni. Sogokuru hakumwona. Haoni upande wa kushoto. Ni muda mrefu sasa, na mimi nilijua."

"Laurence!" alisema babu.

Dionizi, aliyekuwa amesaidiwa kushuka, alichechemea mpaka kando ya rafiki yake. Alivua kofia yake, akaiinua karibu na sikio la kushoto la Onesphore, akaitikisa.

"Nimeshika nini, mwenzangu?"

Mzee Onesphore alitazama mbele tu. Kofia ilipepea, naye hakupepesa jicho. Mwishowe akasema, "Sijui, Dionizi. Sioni kitu."

Lyamba alichomoa ufunguo wa gari. Kijana mmoja mwenye leseni alijitolea, wakampeleka Wilbert hospitali kwanza, kisha Dionizi na Lyamba wakaendelea na safari ya Usevya. Mzee Onesphore hakwenda. Alirudi nyumbani kwa miguu, akipapasa ukuta kwa mkono, na Laurence alipotaka kumshika aliutoa mkono wake.

Siku hiyo alikaa uani na hakula. Jioni wenzake walipita kumwambia kwamba mazishi yalikwenda salama.

"Nani alipiga honi?" aliuliza.

"Yule kijana," Dionizi alijibu.

"Ndefu?"

"Si sana."

Mzee Onesphore aliingia ndani akafunga mlango. Laurence alisikia analia, na yeye akalia jikoni.

Shangazi Épiphanie hakungoja. Kesho yake, huku akijilaumu kwa kudhani kuwa ni uzee tu, alimpeleka baba yake kliniki ya macho, na Laurence akaenda nao. Muuguzi, Bi Salima, alimpima kwa utulivu, kisha daktari akampima tena.

"Ni presha ya macho, Mzee," Bi Salima alieleza. "Haiumi, ndiyo maana watu hawaihisi. Inaanza kula pembeni, inasogea katikati kidogo kidogo. Jicho la kushoto limekwisha, hatuwezi kulirudisha. La kulia limeguswa, lakini tutalilinda kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuacha. Ungekuja masika yalipoanza, tungeokoa zaidi."

"Masika yalipoanza nilijua," alisema mzee taratibu.

"Na ugonjwa huu hutembea katika familia. Wewe dada, na binti huyu, nyie nanyi mpimwe leo."

Aliposikia hivyo, Mzee Onesphore aligeuka akamtafuta Laurence chumbani, akageuza kichwa chote mpaka akamwona. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu ajali. Akamshika bega, kisha akangoja mpaka shangazi na Laurence walipomaliza kupimwa na kuambiwa macho yao ni mazima.

Hakuendesha gari tena. Kwanza alikwenda nyumbani kwa kina Wilbert, akawaomba radhi wazazi wake mbele ya watu, na akamwomba radhi Wilbert mwenyewe. Kisha akarudi Kabini. Kiti kilikuwa kimerudishwa mahali pake, lakini yeye alimwambia Lyamba, "Sogea huko kulia. Leo dereva ni wewe." Lyamba alikaa mahali pa dereva kwa mara ya kwanza maishani, naye Onesphore akakaa kushoto, mahali pa utingo.

Laurence alipofika jioni, babu alimwita akae kando yake.

"Mjukuu wangu, nilikukasirikia," alisema, wenzake wakimsikiliza. "Nilidhani umenivunjia heshima. Sasa nasema mbele ya hawa. Mimi ndiye niliyekufundisha uongo, nikauita adabu. Heshima si kumfichia mkubwa ugonjwa wake. Mtu akikuambia ufiche jambo linaloweza kumwumiza, hata awe mimi, nenda kwa mtu mzima mwingine ukamwambie siku hiyo hiyo. Usisubiri kama tulivyosubiri. Nimepoteza jicho, nimevunja mkono wa mtoto wa watu, na Maximilian nimemkosa."

"Nisamehe nami, Sogokuru. Nilijua tangu mwanzo."

"Ulikuwa mtoto peke yako na siri ya mzee. Hukustahili mzigo huo."

Dionizi alikohoa, akawasha redio, akaizima tena. Mtu alikuwa anakuja upande wa kushoto, mkono umefungwa plasta nyeupe na kuning'inizwa shingoni. Laurence alifungua mdomo kwa mazoea, kisha akaufunga.

"Shikamooni," alisema Wilbert mwenyewe.

"Marahaba," alijibu Mzee Onesphore. Akageuka pale kitini, mabega na kiuno na vyote, taratibu, akilileta jicho lake la kulia. "Usiende, mjukuu wangu. Subiri kwanza nikuone."

Wilbert akasimama, akasubiri.