Dredi Zilizopandwa Kichwa Chini

Jumamosi ile tuliamka vizuri tu. Mtaa wetu wa Umlazi ulikuwa na jua, jirani amefungulia redio, na mimi na dada yangu Zethu tulikuwa uani chini ya turubai letu, tunakula magwinya ya moto, maandazi yetu ya duara, kabla wateja hawajajaa. Kazi yetu ni dredi. Hatuungi kwa gundi sisi. Zethu anazidungadunga nywele kwa sindano yenye meno madogo, anazisugua kwa maji ya moto na sabuni, mpaka zinashikana kama blanketi la sufu. Dredi yake ni nene sawasawa kutoka mzizini hadi nchani. Wewe ukiishika hujui juu wapi chini wapi.

Na nywele zina tabia yake. Ukizisugua zinatembea. Kila unywele una magamba madogo usiyoyaona, nayo yanauruhusu kwenda upande mmoja tu, upande wa mzizi. Anayebisha achukue unywele wake auviringishe kati ya vidole viwili, atauona unavyojisogeza. Huo si uchawi. Uchawi unakuja sasa hivi.

Ndani ya nyumba alikuwa amelala mdogo wetu, Sandiso. Huyu aliimba besi kwenye kwaya ya wanaume, besi ya kutetemesha vikombe kabatini. Dredi zake tulimtengenezea wenyewe, na kwa kuwa nywele zake zilikuwa chache, Zethu alichanganya na zetu, za kwake Zethu za kahawia na zangu nyeusi. Kabla ya Pasaka wezi wakamvizia kituoni, wakamkata zote. Kwetu dredi zinaibwa kama simu, zinakwenda kuuzwa mjini, kwa hiyo tulitukana tukanyamaza. Lakini Sandiso alirudi bila neno. Tangu siku ile hakutamka hata "maji". Hospitali walimchungulia koo, wakasema ni zima. Akaacha kula, akawa hawezi kukaa bila kuegemea ukuta. Tulikuwa tunamzika kidogo kidogo, nasema ukweli, na iliniuma mpaka nikawa naogopa kuingia chumbani kwake.

Basi, magwinya hayajaisha, geti likafunguliwa. Akaingia MaNxele.

Umlazi nzima ilimjua. Alikuwa nabii mwenye hema lake la maombi kule kilimani, na waliomkosea walikuwa na desturi ya kuugua. Zamani sauti yake ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Siku hizi, tulisikia, alikuwa akifungua mdomo watu wanaanguka. Sisi hatukuwa tumekwenda kumsikiliza, tulikuwa na mgonjwa. Wateja wawili waliokuwa wanasubiri walisimama wakampisha. Wasaidizi wake wakabaki getini. Yeye akaja akakaa kwenye kiti bila hata kuuliza zamu.

"Nirekebishieni kichwa," akasema.

Ilikuwa sauti ya Sandiso.

Si ya kufanana. Yenyewe. Besi ya mdogo wangu ilikuwa inatoka kwenye mdomo wa bibi kizee.

Akafungua kilemba. Dredi zikamwagika mpaka kifuani. "Kila wiki zinateleza," akasema. "Wasusi wote zimewashinda. Nimeambiwa fundi ni wewe."

Zethu akashika dredi moja, akaipitisha vidoleni taratibu. Vidole vikasimama katikati. Mimi nikasogea nikaona kahawia, nikaona nyeusi. Nywele zangu nazijua. Halafu nikasugua moja kidogo, ikavuta kwenda chini, nikaona na kosa lenyewe. Aliyempandikizia hakuweza kutofautisha ncha na mzizi, akazipanda kichwa chini. Ncha zimeshonwa kichwani kwa MaNxele, mizizi inaning'inia. Kwa hiyo muda wote huo zilikuwa zinamtoka, zinatembea kwenda zao.

Zethu akainama sikioni kwake. "Mama, hizi ni za nani?"

"Ni zangu."

"Humu ndani mna nywele zangu mimi."

MaNxele akatabasamu. Akanong'ona, na ule mnong'ono nao ulikuwa wa Sandiso. "Basi kazi yako unaijua, mwanangu. Zigeuze, uzishike zisitoke tena. Ukizikata, sauti inakufa, na mwenyewe anaifuata. Chagua."

Wateja walikuwa wameshaondoka. Redio ya jirani ilikuwa imezimwa. Nilitaka kukimbia, na nisingeona aibu. Lakini nilimtazama dada yangu usoni nikaona ameshakasirika, na Zethu akikasirika huwa anapoa, anakuwa kama maji ya mtungini.

"Nani kakwambia nakata?" akasema. Akanigeukia mimi. "Vusi, lete maji ya moto. Ukimaliza mlete Sandiso."

MaNxele akacheka. Alicheka kicheko cha mdogo wangu, kile cha puani, ambacho tulikuwa hatujakisikia tangu kabla ya Pasaka. Hapo hofu yangu iliisha. Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto.

Nilimbeba Sandiso mgongoni, mwepesi kama kapu tupu. Nikamkalisha kwenye kreti nyuma ya kiti, mgongo kwa mgongo na yule mama. Nywele zake zilikuwa fupi tu, za kuota upya. Zethu akazilowesha. Akavuta dredi ya kwanza ya MaNxele nyuma, akauweka mzizi wake juu ya kichwa cha Sandiso. Akaanza kudunga.

"Unafanya nini wewe?" MaNxele akataka kuinuka.

Zethu akamkandamiza bega kwa kiwiko. "Kaa hapo. Mtaa mzima unakuogopa, mimi nimechoka. Huu ni ua wa mama yetu."

Sabuni. Maji. Sindano ikawa inapanda na kushuka. Akasugua kwa viganja.

Dredi ikajinyoosha.

Niliiona kwa macho yangu, mchana kweupe. Ilikaza kama kamba ya nguo. Ikaanza kutembea. Ilitoka kichwani kwa MaNxele unywele kwa unywele, ikaingia kwa Sandiso. Ya pili ikafuata bila kudungwa. Ya tatu pia.

"Nitawazika wo..." MaNxele akaanza.

"...te," akamalizia Sandiso.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Macho yalimtoka. Hakuwa amelisema yeye.

Sabuni ikanidondoka. Zethu aliendelea kusugua. Akamwinamia yule mama, akasema kwa upole kabisa, "Endelea, mama. Tulaani. Itoe sauti yote."

Na kwa kiburi chake akatulaani kweli. Kila laana ilianza mbele na kuishia nyuma. Mwanzo nusu kwa nusu. Halafu mbele ikabaki silabi tu. Halafu pumzi. Dredi ya mwisho ilipotoka ilifanya sauti ya kitambaa kibichi kinachochanwa.

MaNxele akasimama. Kichwa chake kilikuwa na mvi fupi na mabaka meupe. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata ule mkwaruzo wake wa zamani. Wasaidizi wakamshika mikono wakaondoka naye.

"Dada," akasema Sandiso, sauti nzito, yake. "Nina njaa."

Nililia kama mtoto, na sioni haya.

Sasa Sandiso anaimba. Hema la kilimani limefungwa, na MaNxele hajaonekana tena, nyumbani kwake hayupo. Ila kuna jambo moja. Ncha za zile dredi zimeanza kuota mvi. Ncha haioti, hilo kila msusi analijua. Hizi zinaota. Zethu anazikata kila Jumamosi, anazichoma kwenye kopo, na zikishika moto mtu anakohoa nje ya geti, kikohozi kikavu cha kukwaruza. Tukichungulia, hakuna mtu.

Juzi Sandiso akauliza kama si bora tuzinyoe.

"Ziko kichwani kwa nani?" Zethu akamwuliza.

"Kwangu."

"Basi zinakaa."

Akawasha kiberiti. Kikohozi kikaja. Safari hii Zethu alikwenda akalifungua geti wazi kabisa, akaliacha hivyo, akarudi.

Mchangani palikuwa na nyayo za miguu mitupu, mbichi. Ziliingia getini, zikapita katikati yetu, zikaishia kwenye kiti cha wateja. Za kutoka hazikuwepo.

Zethu akakipangusa kile kiti kitupu kwa taulo kama kawaida, akamwita mteja aliyefuata zamu.