Mtama wa Anisa

Zama zile miji ya pwani ilipopigana kwa mikuki na mishale, Sultani wa Tambwe aliuzingira mji wa Kiungwe lakini hakuutia moto. Si kwamba alikuwa na huruma. Ndani ya ngome mlikuwa na Anisa, farasi jike ambaye Sultani mwenyewe alimtoa kuwa mahari ya ndoa iliyokwisha vunjika, naye alikuwa na mimba. Kwa ada yao, mtoto wa kwanza wa farasi wa mahari hurudi kwa mtoaji. Sultani akaapa: maadamu Anisa analishwa vyema, mji hautaguswa. Kila Ijumaa mjumbe wake, Bwana Fakihi, alileta langoni kikapu cha mtama na kumkagua mnyama.

Mtawala wa Kiungwe, Mwinyi Madi, alitangaza mbele ya watu wenye njaa waliokuwa wakitafuna ngozi za viatu: atakayeonja mtama wa Anisa, hata punje, atatupwa nje ya lango. Funguo za banda zilikuwa mbili tu. Mmoja alibaki nao mwenyewe, wa pili akampa dada yake, Mwana Shumi.

Mwana Shumi alimtunza Anisa kwa moyo wote. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa kumi, wakati mtoto anapokua kwa kasi tumboni na majani pekee hayamtoshi mama. Alimpa majani makavu yasiyo na ukungu, maji safi, na mtama kidogo kidogo asivimbiwe. Hata hivyo, Ijumaa moja alfajiri alipompapasa alishtuka. Tumbo lilikuwa kubwa, lakini mbavu zilihesabika chini ya vidole.

"Mungu wangu, chakula chako kinakwenda wapi?" alinong'ona.

Akasikia kitu kikitafuna nyuma ya kihori. Akadhani panya. Akachungulia.

Mwinyi Madi alikuwa amepiga magoti, joho la hariri likiburutika kwenye samadi, akijipakia mtama mbichi mdomoni kwa mikono miwili.

"Kaka!" Mwana Shumi aliona aibu kana kwamba amemkuta uchi. "Wewe? Wewe uliyetutungia sheria?"

Kabla hajajibu, mlango, ambao Mwana Shumi hakuufunga kwa ufunguo, ukafunguliwa. Bwana Fakihi alikuwa amewahi.

"Assalaam aleikum, Mwinyi."

Kuitikia salamu ile ni deni kwa kila Mwislamu. Mtawala akafumba midomo, mashavu yametuna, macho yamemtoka. Mjumbe akangoja. Hatimaye Mwinyi Madi akajaribu kuitikia, na punje zikamwagika ndevuni, zikadondoka hadi miguuni pa mgeni.

Bwana Fakihi akampapasa Anisa mbavu. Rangi ikambadilika.

"Mwana Shumi, kiapo cha bwana wangu kimefika ukingoni. Sheria ya mji huu ni ya nani?"

Mwana Shumi akamtazama kaka yake. Huyu ndiye aliyembeba yeye mgongoni alipokuwa mtoto mchanga.

"Ni ya kila mtu," akasema, machozi yakimtiririka. "Fungueni lango."

Mwinyi Madi akatoka bila kilemba, watu wakimtazama, hakuna aliyeweza hata kuzomea. Sheria ilipotimizwa, mjumbe akaridhika, akaongeza vikapu vya mtama. Anisa akazaa dume jekundu, Sultani akalichukua, akaondoka na jeshi lake.

Habari za Kiungwe zasema Mwinyi Madi aliacha ufalme akaenda kuhiji. Mwana Shumi ndiye aliyeagiza isimuliwe hivyo. Lakini jikoni mwake, mpaka alipokufa, mtama haukupikwa tena.