Mfumaji Aliyekaa Karibu na Mlango

Shali lilikuwa limerefuka.

Rebeka alilitoa kikapuni Alhamisi ile mchana, akalitandaza mapajani, akaona kwamba pale alipoachia sindano wiki iliyopita palikuwa pameshapitwa. Kilikuwa kimeongezeka kipande cha upana wa kiganja, kimefumwa vizuri, hakina hata fundo pale uzi ulipoanzia. Akatabasamu. Katika chama chao mtu wa mizaha alikuwa mmoja tu.

“Cecilia, umeingia humu lini ukafuma kama mwizi?”

Cecilia alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu. “Mimi? Mama Stanley, sweta ya mwanangu imenishinda tangu Pasaka, nije kuiba kazi ya mwenzangu?”

Wakacheka. Chama chao cha kufuma pale Unyambwa hakikuwa na katiba wala muhuri. Kilikuwa ni wanawake wachache wanaokutana barazani kwa Rebeka kila Alhamisi wakitoka shamba, chai ya rangi, karanga, na maneno mengi kuliko mishono. Walinunua sweta za mitumba zilizochoka, wakazifumua, wakaosha uzi na kuuanika kwenye kamba, halafu wakafuma upya kofia na sweta za shule, maana upepo wa Singida mwezi wa sita hauna huruma na mtu. Mume wa mtu alisemwa pale, mkwe wa mtu alisemwa pale, na asiyekuja ndiye aliyesemwa zaidi.

Kazi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa shali la mtoto. Mmoja wao akiwa na mimba, au mkwe wake, kila mwanachama hufuma kipande chake katika shali moja, na kila aliyetia kipande ni mama wa mtoto huyo. Mtoto akishatolewa nje hupakatwa kwa zamu, na mwenye nyumba ndiye anayeanza. Hapo walikuwa na utaratibu wasiouvunja: aliyekuleta katika chama ndiye anayekupokeza mtoto kwa mikono yake. Rebeka alimleta Cecilia, kwa hiyo Cecilia humpokea mtoto kutoka kwa Rebeka. Cecilia alimleta Mwanahamisi, kwa hiyo Mwanahamisi hupokea kwa Cecilia. Hata kama mmenuniana wiki nzima, siku hiyo mtapokezana.

Shali hili lilikuwa la mjukuu wa Rebeka. Mkwe wake, Witness, alikuwa ameshaharibikiwa na mimba kabla ya hii, tena si mara moja, na Rebeka alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, huyo Stanley, dereva wa lori la vitunguu ambaye nyumbani alikuja kama mgeni. Mikono ya Rebeka ilikuwa na njaa ya kupakata mtoto. Hakulificha hilo. Alilisema kanisani, alilisema sokoni, alimwambia hata muuza mkaa.

Akakitazama tena kile kipande. Aliujua mkono wa kila mmoja wao. Cecilia hukaza mpaka kitu kinakuwa gunia, Mwanahamisi hulegeza. Huu haukuwa mkono wa yeyote. Alikiinua puani, na kikanuka kondoo aliyelowa mvua, na ndani yake harufu ya chumvi ya matope ya ziwani. Uzi wao wote waliuosha kwa sabuni.

Mwanahamisi aliweka sindano zake chini. “Mama Stanley,” alisema kwa sauti ndogo, “unakumbuka ulisema nini wiki iliyopita tulipokuwa tunatawanyika?”

Alikumbuka. Mdomo uliponza kichwa. Jua lilikuwa linazama, upepo unavuma, wamechoka, shali liko nyuma na tumbo la Witness liko mbele, naye akasimama barazani, akalinyanyua shali mbele ya uwanja mtupu na kupaza sauti: “Jamani, mwenye mikono na aje atusaidie! Hata kama hatumjui, namwingiza chamani mimi mwenyewe, na zamu yake ya mtoto atapewa!” Cecilia akadakia, “Mgeni njoo, mwenyeji apone!” na wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwanahamisi peke yake ndiye hakucheka, kwa sababu ilikuwa magharibi.

“Ulikuwa utani,” Rebeka alisema.

“Sisi ndio tunaojua kwamba ulikuwa utani,” Mwanahamisi akajibu.

Siku hiyo walitawanyika mapema. Rebeka alilifungia shali kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Kesho yake mchana, saa ambayo jua linasimama na kuku wanajilaza kivulini, alikuwa jikoni anasonga ugali aliposikia sebuleni ti, ti, ti, chuma kwa chuma, mwendo wa mtu aliyezoea kazi na asiyehitaji kutazama mikono yake. Akadhani ni Witness. Akaita. Witness akaitikia kutoka uani, upande mwingine kabisa wa nyumba, alikokuwa anaanua nguo. Rebeka aliacha mwiko kwenye sufuria, akaenda mpaka mlango wa sebule, na kutoka pale aliposimama aliona kigoda kilicho karibu na mlango wa barazani, kitupu, na bonge la uzi sakafuni likizunguka taratibu, likizunguka na kupungua, na uzi wake ukipanda hewani mpaka usawa wa mapaja ya mtu aliyekaa na kuishia hapo, haushikwi na kitu, huku ile harufu ya kondoo aliyelowa ikijaa chumba kizima mpaka ikamkaa kooni. Kisha sauti ikakoma. Bonge likatulia. Aliyekuwa anafuma alikuwa amejua kwamba anatazamwa.

Alipofungua kabati, shali lilikuwa limerefuka tena.

Jioni alikaa na Witness kitandani. Hakutaka kumtisha mwanamke mwenye mimba kubwa, akaanza kwa mbali.

“Mwanangu, kuna mtu amekuja hapa siku hizi nikiwa shamba?”

“Hapana, mama. Ni yule mwenzenu tu.”

“Mwenzetu yupi?”

“Yule mrefu. Anayekaa kwenye kigoda karibu na mlango siku zenu za Alhamisi, hasemi kitu.” Witness alisema kawaida kabisa, akisugua miguu yake iliyovimba. “Ana adabu sana, mama. Alinipima tumbo kwa uzi. Akasema mtoto atafika salama, nisiwe na wasiwasi, yeye anangoja zamu yake tu.”

Rebeka alishika ukingo wa kitanda. “Yukoje usoni?”

Witness akafikiri, na taratibu uso wake ukabadilika. “Unajua, mama, uso haunijii. Nakumbuka mikono tu. Ilikuwa imelowa.”

Alhamisi iliyofuata hakuna aliyekaa karibu na mlango. Kigoda walikitoa nje. Cecilia, ambaye hata msibani hukosi kumsikia akitania, alikuja bila utani hata mmoja. “Tulifumue,” alisema. “Kilichofumwa kinafumuka. Tangu lini uzi ukatushinda?” Akaitafuta ncha, akavuta, na mistari ikaanza kufumuka kwa utiifu, mmoja baada ya mwingine, na pale alipokifikia kile kipande cha kwanza cha mkono usiojulikana uzi ukatoka umelowa, ukawa unadondosha maji juu ya kanga yake, naye akazidi kuvuta akisema jina la Yesu kwa kunong’ona, na kule chumbani Witness akaanza kulia, mara ya kwanza kwa sauti ndogo kama mtu aliyejikwaa, halafu kwa sauti iliyowainua wote vitini, akipiga kelele kwamba kuna mtu anamvuta mtoto, anamvuta mtoto, jamani anamvuta.

“Acha!” Rebeka akamkamata Cecilia mkono. “Acha, utamuua!”

Cecilia akaachia. Witness akatulia. Wote wakasikia, kutoka uwanjani kilipokuwa kile kigoda, ti, ti, ti.

Rebeka alikuwa Mlutheri wa kwaya tangu usichana wake, lakini mtu anayezama haulizi anayemshika mkono anasali wapi. Mwanahamisi alimleta baba yake mdogo, Maalimu Ntandu, mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye alikaa barazani, akaomba maji ya kunywa, akasikiliza hadithi yote bila kuikatiza. Kisha alisoma juu ya bakuli la maji kwa muda mrefu. Alipomaliza jasho lilikuwa limelowesha kanzu yake.

“Huyu hakuvunja mlango,” alisema. “Ameitwa, akaingizwa chamani, akafanya kazi, na ana ahadi. Nikimtoa kwa kelele ataondoka na alichoahidiwa. Sasa niambie, mama. Kwa utaratibu wenu nani angempa mtoto?”

“Aliyemleta,” Rebeka akajibu. “Mimi.”

“Basi hana njia nyingine ila mikono yako.” Mzee alikohoa, akamtazama kwa huruma. “Mjukuu wako akizaliwa, usimpakate. Usimbebe, usimwinue, hata akilia. Ukimshika wewe, na yeye amepata pa kumpokelea. Ngoja mpaka atembee kwa miguu yake. Mtoto anayetembea hapokezwi na mtu, anakwenda anakotaka, na hapo ahadi yako itakuwa imekufa.”

“Hata mara moja, Maalimu?”

“Hata mara moja.”

Rebeka alilia mbele yao wote bila aibu. Maalimu alilikunja shali ndani ya shuka jeupe, akaondoka nalo kwenda kulizika huko kwenye majabali, na tangu siku hiyo nyumba ikanyamaza. Harufu ikaisha. Witness akalala usingizi wa kawaida.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, mwenye mapafu ya kuamsha mtaa. Wakamwita Melkizedeki, jina la babu yake marehemu. Alhamisi ya kumpakata, Cecilia ndiye aliyeanza. Rebeka alibaki jikoni, akipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri, akisikiliza wenzake wakimpokeza mjukuu wake na kumsifia mashavu.

Watu hawakukosa la kusema. Bibi gani huyu hamshiki mjukuu? Wengine walisema anamchukia mkwe, wengine walisema mtoto si wa Stanley na yeye anajua. Stanley mwenyewe aliporudi safari alimkuta mama yake ameketi upande wa pili wa mkeka, mikono ameikalia, akimwimbia mtoto kwa mbali.

“Mama, mwanangu amekukosea nini?”

“Hajanikosea, baba. Nampenda.”

“Unampenda kwa macho?” Aliambiwa habari yote na Witness, akaikataa. Alisema katika nyumba hii anaaminiwa Mungu mmoja. Alimwinua mtoto, akamsogeza mbele ya mama yake, na Rebeka alisimama akatoka nje, akaenda kulia nyuma ya choo.

Alijifunza kupenda hivyo hivyo. Alimlisha uji kwa kijiko, amenyoosha mkono. Alimfulia nepi. Melkizedeki naye akakua kwa haraka, akakaa, akatambaa, akaanza kushika kuta na kusimama. Kila aliposimama, moyo wa Rebeka ulisimama naye. Alimtengenezea njia uani, akaokota kila kijiwe, akawa anachuchumaa mwisho wa njia na kumwita, “Njoo, baba. Njoo kwa miguu yako.” Mtoto alicheka, akaketi chini, akaja kwa kutambaa. Haidhuru. Leo kesho angetembea.

Basi ikawa mchana mmoja, jua limesimama. Witness alikuwa ameenda bombani, na jiko la mkaa lilikuwa uani na sufuria ya maharage ikitokota juu yake. Rebeka alikuwa anapepeta mtama. Aliinua macho akamwona Melkizedeki amesimama, ameshika ndoo iliyopinduliwa. Mtoto akaachia mkono mmoja. Akaachia na wa pili. Akasimama peke yake, anayumba, mkono haujagusa kitu. Ungo ukamtoka Rebeka, mtama ukamwagika, wala hakuuona.

“Njoo, baba,” alinong’ona. “Hatua moja tu.”

Mtoto akainua mguu. Haukufika chini. Mwili mzima ukaelemea mbele, kwenye jiko, mikono ikitangulia kwenye sufuria, na Rebeka akaruka akamnyakua hewani. Hakufikiri, na bibi gani angefikiri? Sufuria ikapinduka nyuma yao, mkaa ukalia kwa maji, mvuke ukajaa uwanja.

Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wa moto, na alinuka maziwa. Rebeka alimkandamiza kifuani, akaweka shavu lake juu ya kile kichwa alichokitamani tangu kabla hakijazaliwa, na kwa kitambo hicho kidogo alikuwa na furaha, furaha kamili, hakukumbuka kitu kingine chochote duniani.

Halafu, katikati ya moshi na maharage, akasikia harufu ya kondoo aliyelowa.

Melkizedeki aliinua kichwa. Akatazama nyuma ya bega la bibi yake, akacheka, akanyoosha mikono yote miwili kama anavyomnyooshea mtu anayemjua siku zote.

“Shikamoo, mama,” sauti ikasema nyuma yake, ya upole, ya mwanamke aliyelelewa vizuri.

Rebeka alimkumbatia mtoto kwa nguvu zake zote, akafumba macho, na kutoka upande wa pili, kwa adabu, bila haraka, mtu akaanza kumpokea.